Ushauri: matunda na sosi ya moto, nisiumbuke tena mbele ya mawifi

Mama Zai
Wadau wa jikoni, salaam. Jumamosi nina mawifi watatu, na mmoja wao ulimi wake ni wembe. Baada ya wali nataka niwape matunda yaliyomwagiwa sosi ya moto, kitu cha dakika kumi, keki sina nguvu nayo. Mara iliyopita nilichanganya nanasi, papai na sosi ya maziwa mapema, nikatia kwenye friji. Kuja kuonja, chungu! Nikakimbilia tui, nalo likakatika: mafuta juu, maji chini. Safari hii nina nazi mbili na maembe dodo yameiva barabara. Nisaidieni.

Binti Tanga
Pole shoga. Uchungu ule ulitokana na nanasi na papai. Yakiwa mabichi yana vimeng'enya vinavyovunja protini ya maziwa, na kadiri yanavyokaa pamoja ndivyo ladha inavyoharibika. Nanasi likichemka dakika chache halina shida tena. Ila wewe una dodo, nanasi la nini?

Tui nalo halitaki kuachwa peke yake. Nazi moja ikune, kamua tui la kwanza upate kikombe. Weka moto mdogo, usifunike, koroga mpaka lianze kufukuta pembeni. Tia sukari vijiko vitatu vya chakula, iliki nne zilizotwangwa na chumvi kiduchu. Kijiko cha chai cha unga wa mchele kivuruge na maji baridi, mimina, koroga dakika tatu nne mpaka lishike mwiko. Epua.

Kapera wa Sinza
Mnakuna nazi karne hii? Tui la kopo, mchezo umeisha. Geto kwangu ni ndizi mbivu na sukari ya kuunguza, basi.

Binti Tanga
@Kapera la kopo sikatai, ila mawifi watajua.

Mama Zai
Hiyo sukari ya kuunguza ndiyo naitamani! Ila nikimimina tui inaganda kama jiwe.

Kapera wa Sinza
Dada, unamimina tui baridi. Lipashe kwanza kwenye sufuria nyingine. Sukari iyeyushe kavu, moto wa wastani, usichokonoe na mwiko, tikisa sufuria tu. Ikifika rangi ya asali epua hapohapo, maana ikivuka hapo ni chungu. Mimina tui kidogokidogo, mkono mbali, mvuke wake hauna adabu. Ikiganda rudisha motoni, itayeyuka yenyewe.

Mzee wa Ndimu
Embe likate mapema, likamulie ndimu, likae kwenye friji bila sukari. Ukilitia sukari linatoa maji na sosi inakuwa uji. Sosi imwage mezani, wageni wakiwa wameshakaa. Utamu wote uko pale baridi inapokutana na moto.

Mama Zai
Mrejesho. Nimefuata ya Binti Tanga, sukari nikaunguza kama Kapera alivyosema. Tui halikukatika! Iliki nilitia sita badala ya nne, mkono ulinizidi. Wifi yule akasema, "Iliki imezidi kidogo," huku anajiongezea bakuli la tatu.

Kapera wa Sinza
La tatu? Na mimi nije lini?