Nyumba ya kwanza Nkuhungu ina ufa na mchwa, nipatane vipi bei?

Mpangaji_Dom: Wakuu, heshima kwenu. Mimi na mke wangu tumechoka kupanga. Tumepata nyumba Nkuhungu, hapa Dodoma, vyumba vitatu, ya bloku. Mzee mwenye nyumba alifariki, wanauza watoto. Wanataka milioni 40, na sisi tuna 40 hiyohiyo, ukarabati humohumo. Sebuleni kuna ufa unaoanzia kona ya dirisha, unapanda mshazari mpaka kwenye lenta. Ncha ya kalamu inaingia. Dari ya chumba kimoja imeshuka, ukigonga mbao zinamwaga vumbi. Dalali anasema kuna mtu wa Dar analipia wiki hii. Naogopa kutaja bei ya chini, familia imefiwa. Nianzie wapi?

FundiMwashi_Kizota: Mkuu, ufa wa hivyo si wa plasta, unatoka chini. Udongo mweusi wa mbuga unavimba mvua zikinyesha, kiangazi unasinyaa, na msingi mfupi unachezeshwa kila mwaka. Ila usikimbie kwanza. Zunguka nje uone maji ya paa yanadondokea wapi. Nyumba nyingi nilizotengeneza hapa mjini hazikuwa na gata, maji yanatuama ukutani, au chemba inavuja pembeni ya msingi. Ukiyaondoa maji na kumwaga ukanda wa zege kuzunguka nyumba, mara nyingi ufa unatulia. Bandika kiraka chembamba cha jipsamu juu ya ufa, andika tarehe. Kikipasuka, nyumba bado inatembea na hesabu inakuwa nyingine kabisa. Hilo vumbi ni mchwa. Panda darini na tochi, choma kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye ugali, hesabu mbao mpya za paa.

Mama_Ilazo: Kaka, usiende na "punguzeni kidogo". Nenda na karatasi ya fundi yenye mchanganuo: mbao, saruji, dawa ya mchwa, ufundi. Tuseme imefika milioni 7. Keti na watoto wenyewe, dalali asiwepo, wape pole, kisha watembeze mpaka kwenye ufa muuangalie pamoja. Waambie nyumba ya mzee mmeipenda, ikiwa nzima bei yao ni ya haki, lakini hizi 7 zitatoka mfukoni mwenu kabla hamjalala humo. Anza na 30, ukomo wako 32, kinachobaki ni cha hati na dharura. Wakigoma, omba ulipe kwa awamu mbili. Na dalali asijue una kiasi gani. Bei ikipanda na chake kinapanda. Huyo mtu wa Dar kila mnunuzi anaambiwa yupo.

Wakili_Makole: Ndugu, kabla ya shilingi kutoka, omba barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi. Hati ikoje?

Mpangaji_Dom: Ya zamani, ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja hapa Dodoma.

Wakili_Makole: CDA ilivunjwa 2017, na hati zake zilikuwa za miaka 33, siyo 99 kama za sasa. Angalia imebaki miaka mingapi, na kama wana deni la kodi ya pango la ardhi. Fanya upekuzi kwa msajili wa hati ujue haina rehani wala zuio. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, iandikwe kwenye mkataba, la sivyo watakusukumia wewe. Advansi iwe ndogo, kwa maandishi, na kipengele cha kurudishiwa.

Mpangaji_Dom: Asanteni sana. Nimempigia mtoto mkubwa: barua ya usimamizi ipo. Mama yao yu hai, anaishi Kondoa, hajashirikishwa bado.

Mama_Ilazo: Hajashirikishwa? Kaka, mjane ana haki yake kwenye nyumba hiyo. Mwambie huyo mtoto mwende wote Kondoa mkamsikilize mama, ndipo umlipe fundi kupanda darini.

Wakili_Makole: Naunga mkono. Akikubali, asaini kwenye mkataba pamoja na watoto wote.