Mnada umekosa mnunuzi, sasa dalali anataka asilimia 2 kwangu. Ni haki?

Hodi_Bombolulu
Wenzangu, habari. Kuna nyumba hapa Bamburi, vyumba vitatu na kisima chake ndani ya ua, ilipigwa mnada na benki wiki iliyopita. Tangazo la gazetini lilisema ukigongewa nyundo unatoa asilimia 25 papo hapo, salio ndani ya siku 90. Mimi pesa ya papo hapo sina, nilikwenda kutazama tu. Bei ikapanda ikakwama milioni 7.4, na benki ilishaweka kwamba haiuzi chini ya 8.25. Dalali akakunja karatasi zake, watu wakatawanyika.

Jioni msaidizi wake akanipigia: njoo tuelewane pembeni, 8.2, hakuna mbio. Nikafurahi. Asubuhi naletewa hesabu kwa WhatsApp: asilimia 2 ya dalali, shilingi 164,000, VAT juu yake 26,240, na "ada ya kufungua faili" 30,000. Zote zitumwe kwa namba ya simu, ndipo nionyeshwe mkataba. Nikamuuliza, ikiwa mnada haukuuza kitu, asilimia hii ni ya kazi gani? "Ndugu, mnunuzi ndiye hubeba." Mke wangu asema nilipe tusije tukapokonywa nyumba. Ripoti ya mthamini nimeiona, thamani ya soko ni milioni 11. Nilipe?

KalamuNyeusi
Usitume hata shilingi.

Kanuni za Madalali za 1997, kanuni ya 7, zinasema malipo ya dalali yako juu ya mdaiwa, yaani mwenye nyumba aliyekopa. Mdaiwa asipopatikana, au pesa za mauzo zisipotosha kumlipa dalali, mzigo unamwendea anayemdai, yaani benki. Mnunuzi hatajwi. Ila ukiweka sahihi mahali palipoandikwa kwamba utalipa, umejifunga mwenyewe, kwa hiyo soma kila ukurasa.

Lakini ndugu, mimi hiyo 164,000 hainitishi kama hiyo 8.2. Robo tatu ya milioni 11 ni 8.25. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema mali ya rehani ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki haikujitahidi kupata bei nzuri, mpaka ithibitishe vinginevyo. Mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani kuomba mauzo yafutwe. Na kifungu cha 98, kinaporuhusu kuuza kwa mapatano, kinataka bei ya soko. Hata 8.25 yenyewe imegusa mstari huo, na hilo "punguzo" la elfu hamsini linakuvukisha kabisa. Tazama pia tarehe ya ripoti: kwa mnada haitakiwi kuzidi miezi 12.

Jingine: mpaka benki ifikie makubaliano na mnunuzi, mwenye nyumba ana haki ya kulipa deni lake na kuikomboa. Ukishatuma ada na yeye akalipa kesho, hiyo ada utamdai nani?

Yadi_ya_Zamani
Nimefanya kazi kwa dalali miaka kadhaa, Changamwe huko. Mnada ukianguka, dalali hapati alichotarajia, basi vijana wanatafuta pa kujifidia. Dawa ni moja: omba ankara yenye jina la kampuni na namba yake ya kodi ya KRA, ilipwe benki. Wengi hunyamaza hapo hapo. Hiyo ya "faili" ni chai ya msaidizi, hata bosi wake huenda haijui.

MamaShanzu
Kalamu kasema ya sheria, mimi naongeza ya mfukoni. Ushuru wa stempu, ule wa serikali wa kuhamisha nyumba kwa jina lako, Mombasa ni asilimia 4, na huu kweli ni wako. Usiupigie hesabu kwenye bei mliyoelewana. Mthamini wa serikali akisema milioni 11, ni 440,000, si 328,000. Sisi tofauti hiyo ilitukuta wakili ashaandaa karatasi zote, ikabidi tuuze pikipiki. Weka pia ya wakili wako mwenyewe, usikubali kutumia wa benki ati kuokoa.

Hodi_Bombolulu
Ahsanteni mno. Nimekwenda tawini leo. Afisa wa mikopo asema asilimia 2 haitambui, dalali wao humlipa wenyewe, kisha gharama humkata mdaiwa. Kuhusu 8.2, akaniambia niandike barua ya ofa, itapelekwa makao makuu Nairobi. Hakunihakikishia kitu. Yule kijana nimemwomba ankara tangu saa nne, tiki za buluu zimeonekana, jibu hakuna. Kodi za kaunti zilizolimbikizwa je, za nani?

KalamuNyeusi
Za muuzaji, lakini iandikwe. Bila cheti cha kaunti kwamba hakuna deni, uhamisho hausajiliwi, na benki nyingine hupenda kuuza "kama ilivyo" ili deni likuangukie. Ulizia kiasi kabla ya kutaja bei kwenye barua. Na aliyemo ndani ya nyumba ni nani, mwenyewe au mpangaji? Kama hajatoka, mkataba useme nani anamtoa na kwa gharama ya nani. Ofa yako ianzie juu ya 8.25, na wakili aione kabla haijapanda gari kwenda Nairobi.