Safari ya pikipiki peke yangu, Dar es Salaam hadi Matema: nipumzike Iringa siku nzima au niendelee?

Swali: Msafiri wa Kusini

Ndugu zangu, natumaini hamjambo. Natarajia kusafiri peke yangu kwa pikipiki ya cc 150 kutoka Dar es Salaam hadi Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, nikipitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tukuyu. Nitalala Morogoro, kisha Iringa. Rafiki yangu ananishauri nikae Iringa siku nzima bila kusafiri, lakini mimi naona ni kupoteza siku ya likizo, kwa kuwa mwili utakuwa bado una nguvu na sina mwenyeji huko. Je, siku ya namna hiyo ina faida gani, na mtu aliye peke yake huitumiaje bila kushinda gesti akitazama dari?

Jibu: Mzee wa Masafa

Mdogo wangu, rafiki yako amekushauri vema, ingawa sababu haimo kwenye misuli. Kipande cha Morogoro hadi Iringa, kilometa zipatazo 300, huchosha akili kuliko mwili: kwanza kilometa 50 hivi ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako tembo na nyati huvuka barabara wapendavyo; kisha joto la Ruaha Mbuyuni; kisha kona za Kitonga, ambako malori yanayopanda hutambaa na yanayoshuka hunuka breki. Mwenye mwenzake hukumbushwa anapozembea, ila wewe kila uamuzi ni wako, na uchovu wa aina hiyo haupigi hodi. Utaujua kesho yake, utakapolipita lori mahali ambapo jana usingethubutu.

Nina sharti moja tu: kazi za pikipiki zimalizike jioni unayofika. Mnyororo upakwe mafuta ukiwa bado una joto, ili yapenye usiku kucha. Oili, kama muda wake umefika, imwagwe injini ikiwa ya moto, kwa maana hapo hutoka pamoja na uchafu wake. Nimewaona wengi wanaosema wamepumzika, kumbe wameshinda kwenye benchi la fundi wakisubiri kipuri. Na kama chombo chako ni cha kabureta, usikubali kichokonolewe kwa sababu tu kimepungua nguvu. Iringa iko takriban meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na nguvu zitarudi zenyewe ukishuka Matema, ambako ziwa liko chini ya meta 500.

Jibu: Mama wa Gangilonga

Karibu sana Iringa, kaka. Ukija kati ya Juni na Agosti, beba sweta, maana baridi yetu haina utani. Amka bila kengele, kunywa chai taratibu, kisha acha mizigo yote chumbani na uende Isimila, kilometa 20 hivi kwenye barabara ya Mbeya. Utaona zana za mawe za watu wa kale, zilizogunduliwa mwaka 1951, na karibu yake nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua. Wahi asubuhi, kwa kuwa jua la mchana huko bondeni ni kali.

Wapo watakaokuambia upitie Isimila kesho yake, kwa kuwa iko njiani. Usikubali. Ukiwa peke yako na mabegi yamefungwa nyuma, utakuwa unaichungulia pikipiki muda wote badala ya kutazama ulichokifuata. Jioni panda jiwe la Gangilonga uutazame mji, na hapo siku imetosha.

Jibu: Dereva Mpole

Naunga mkono kukaa Iringa, lakini naomba kutofautiana na Mama kuhusu kuendesha. Ukishavaa kofia ngumu umerudi kazini, hata kama ni kilometa 20 tu. Mimi ningepanda daladala kwenda Kalenga, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, yaani chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ndani ya daladala utakuwa abiria kama wengine, utazungumza na jirani yako, na masikio yatapumzika na kelele za upepo, ambazo wasafiri wengi wa pikipiki huzisahau wanapohesabu vinavyowachosha. Wasiwasi wako wa kukosa mtu wa kuzungumza naye utaisha kabla hujafika.

Msafiri wa Kusini

Nawashukuru nyote. Nimekubali kukaa, na nitakwenda Kalenga kwa daladala. Je, pikipiki itakuwa salama nikiiacha gesti mchana kutwa?

Jibu: Mama wa Gangilonga

Kabla ya kulipia chumba, omba uoneshwe itakapolala pikipiki, na uulize kama geti hufungwa mchana na kama pana mlinzi. Wakisita kukujibu, nenda gesti nyingine, ziko nyingi. Funga usukani, ongeza mnyororo na kufuli kwenye gurudumu, na ufunguo ukae nawe, si mapokezi. Siku ya kuondoka usikimbilie alfajiri, kwa sababu kuelekea Mafinga ukungu wa asubuhi unaweza kuwa mzito, na malori hayapunguzi mwendo kwa ajili yake.