Mrejesho: tairi za pikipiki yangu, Yamaha FJR1300

Ahsanteni sana ndugu zangu. Niliuliza tairi gani zifae kwa safari za Mombasa–Nairobi, maana ya nyuma ilikuwa imelika katikati ikawa bapa. Nimefunga Michelin Road 6 GT, si ile ya kawaida. GT imeimarishwa kwa pikipiki nzito. Saizi: mbele 120/70ZR17, nyuma 180/55ZR17.

Upepo upimwe alfajiri tairi zikiwa baridi. Ukipima njiani, kwa mfano Mariakani, na jua la saa nane, kipimo kinapanda, utatoa upepo bure, na tairi yenye upepo mdogo ndiyo hupata joto ikalika haraka.

Dukani someni tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyo ubavuni mwa tairi: 2324 ni wiki ya 23, mwaka 2024. Valvu (pa kujazia upepo) nazo zibadilishwe. Kilomita 150 za kwanza, kona polepole.