Naomba ushauri: wanafunzi wangu wanaamini tovuti yoyote wanayoiona kwanza

Walimu wenzangu, habari zenu. Nina jambo linanikosesha raha.

Nikiwapa wanafunzi kazi ya utafiti, wanafungua Google, wanachukua tovuti ya kwanza na kunakili. Nikiuliza nani kaandika na lini, kimya. Niliwapa orodha ya maswali ya kuhakiki kila ukurasa, wakawa wanaijaza bila kufikiri: ina muonekano mzuri, inaishia na .org, basi ni ya kweli! Wakati .org mtu yeyote anaweza kuisajili.

Kilichowashtua ni makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, iliyohusisha chanjo na usonji. Ilitoka katika jarida kubwa la kitabibu, The Lancet, mwaka 1998, ikaja kufutwa na jarida hilohilo 2010, lakini bado kuna tovuti zinaitegemea. Mmoja akauliza, "Sasa tuamini nini, mwalimu?" Sikuwa na jibu la kuniridhisha, na sitaki watoke darasani hawaamini chochote.

Nafikiria kuwazoesha kutafuta kwanza wengine wanasema nini kuhusu tovuti, kabla ya kuisoma yenyewe. Mliojaribu hivyo, mlianzaje? Na wanaonakili majibu ya akili mnemba mnawasaidiaje?