Wanaojitolea kwenye kikundi cha Python tuwatambueje bila kuleta manung'uniko?

mwanza_py (mleta mada)

Wakuu habari za leo. Tuna kikundi chetu cha Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) hapa Mwanza, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, watu wanajifunza bure na wanaofundisha hawalipwi hata senti. Mwisho wa mwaka huu tunataka kuwatambua waliojitoa zaidi, na kamati imegawanyika vibaya. Wengine wanasema tuangalie GitHub tu, ule mtandao wa kuhifadhia miradi, mwenye kodi nyingi (yaani maandishi ya programu) kwenye miradi yetu ndo apewe, kwa sababu namba hazina upendeleo. Mimi roho inakataa.

Kuna dada mmoja pale, jina lake huwezi kulikuta kwenye mradi wowote, lakini anafika mapema kuliko wote akiwa na flashi yenye Python na maktaba zote (vifurushi vya kodi iliyoandikwa tayari) za somo la siku hiyo, anapita laptopu moja moja anainstoo, iwe Windows ya zamani, iwe laptopu ya kuazima isiyo na paswedi ya admini, zote anahangaika nazo, ili watu wasimalize bando kwa kudownlodi. Siku asipokuja watu wanakaa mpaka saa tano hata mstari mmoja haujaandikwa. Sasa huyo GitHub itamwonea wapi?

Halafu kuna la pili, ukimtaja mmoja wengine wananuna, na hawa ndo haohao tunaowategemea mwakani. Hela nayo hatuna, ni michango tu. Wenzetu kwenye jumuiya kubwa wanafanyaje? Karibuni.

chatu_dom

Mkuu roho yako iko sahihi, simamia hapohapo. Python yenyewe haipimi watu kwa kodi peke yake. Python Software Foundation (PSF), taasisi inayoisimamia Python, wana tuzo inaitwa Community Service Award, inatoka kila robo mwaka na mtu yeyote anaweza kupendekeza jina. Ukipitia waliowahi kupewa utakuta waandaaji wa mikutano ya PyCon, walioanzisha vikundi kama hicho chenu, wanaofundisha wanaoanza, yaani watu wa kila aina. Na bodi ikipitisha jina inatoa azimio la maandishi linalosema fulani anapewa kwa sababu amefanya hiki na hiki. Sababu inatajwa, siyo ile ya "kwa mchango wake mkubwa" halafu makofi basi.

Watu wa Perl, lugha nyingine ya programu, ndo walianza zamani zaidi, tuzo zao za White Camel ziko tangu 1999 na zililengwa kwa wale wanaoijenga jumuiya kwa kazi ambazo siyo za kuandika kodi.

Ila inayonigusa mimi ni ya Django, ule mfumo wa kujengea tovuti kwa Python. Kulikuwa na Malcolm Tredinnick, Mwaustralia, mmoja wa waliojenga Django, akafariki Machi 2013. Huyu angeweza kukumbukwa kwa kodi yake na isingekuwa uongo, lakini wenzake walipoanzisha zawadi kwa jina lake mwaka huohuo wakasema iende kwa mtu anayekaribisha wageni, anayewalea na kuwajibu bila kuchoka, maana ndivyo yeye alivyokuwa. Ni dola 500, kila mwaka. Dada yako wa flashi ukimsoma kwenye vigezo hivyo anaingia moja kwa moja.

terminal_nyeusi

Mimi niko Nairobi, nimesaidia kuandaa mikutano kadhaa huku. Naunga mkono hoja ila naomba niseme jambo moja, kabla ya tuzo muulizeni huyo dada ametoa ngapi mfukoni mwaka mzima. Nauli, bando la kudownlodi hizo maktaba, hiyo flashi yenyewe. Rudisheni hiyo kwanza, kimyakimya, kwa M-Pesa, na isiitwe tuzo. Kumrudishia mtu nauli ni deni mnalipa. Nimeona watu wazuri wakipotea kwenye vikundi, na huwezi kusikia wamegombana na mtu, ni pesa tu imewashinda na wanaona aibu kuomba, halafu mwaka ukiisha wanapigiwa makofi na cheti cha kuprinti, inaniuma sana hiyo.

Kingine, wapeni sauti. Kule PSF mtu anayejitolea angalau saa 5 kwa mwezi kwa kazi za Python anaweza kuwa mwanachama mwenye haki ya kupiga kura bila kulipa chochote. Hiyo pia ni kutambuliwa, na kwangu inashinda tisheti. Kama dada anajua kuliko kamati nzima kwa nini masomo yanachelewa kuanza, kwa nini hayuko kwenye kamati?

mwanza_py

Dah, hilo la kamati hakuna aliyewahi kulitaja. Nalichukua.

baga_hunter

Mimi natetea kidogo upande wa kodi, maana naona uzi unaelekea kama vile wanaoandika hawana shida. Wanasahaulika sana. Mtu anatunza maktaba ndogo ambayo watu kibao wanaitumia, meseji anazopata ni za kulalamika tu, asante hamna. Lakini nakubali kwamba kuhesabu komiti (kila badiliko la kodi linalohifadhiwa) siyo jibu, kwa sababu namba zinawadhulumu hata haohao waandishi. Kuna mtu anakesha wiki nzima anatafuta baga moja, yaani kosa kwenye kodi, mwisho wa siku marekebisho yake ni mstari mmoja, na mwingine amepanga tu nafasi na mabano kwenye faili ishirini anaonekana kinara. Na anayekagua kazi za wenzake, anasoma kila mstari na kueleza kwa upole wapi pabaya, kwenye hesabu ya komiti hana kitu.

Kuhusu kununa, angalieni wanaojenga CPython, ile programu ya Python yenyewe, wanavyofanya. Ndani ya kodi yao kuna faili Misc/ACKS, ni orodha ya majina tu, imepangwa kwa alfabeti, aliyeleta kiraka kimoja miaka ya tisini na aliyejenga nusu ya kitu wako pamoja humo. Django nao wana faili lao AUTHORS. Kwa hiyo fanyeni viwili, orodha ya kila mtu aliyegusa kazi mwaka huu, hadi aliyewaazimia projekta, halafu watu wawili au watatu tu wa tuzo. Mtu akishaona jina lake lipo, hasira inapungua sana.

mwanza_py

Hapo umenisaidia sana mkuu. Swali la mwisho, hayo mapendekezo yaandikweje? Mwaka jana tuliomba majina kwenye grupu la WhatsApp tukapata "fulani yuko vizuri sana", "fulani mpeni tu", na kura zikaenda kwa anayeongea zaidi.

chatu_dom

Msiulize nani bora, ulizeni alifanya nini na nani alifaidika. Fomu fupi, na anayependekeza aeleze tukio moja aliloliona kwa macho yake. Mfano: "Kwenye somo la Django laptopu yangu ilikataa kuinstoo, nikataka kuondoka, akakaa na mimi chini mpaka ikakubali, wiki iliyofuata nikaweka ukurasa wangu wa kwanza hewani." Ukishapata tatu nne za namna hiyo kutoka kwa watu tofauti kamati haina haja ya kubishana. Mwenye jina lililopendekezwa asikae kwenye kikao cha kuamua. Na maneno hayohayo yaandikeni kwenye barua yenye sahihi ya kikundi, atakwenda nayo kwenye usaili wa kazi, atakapoomba ufadhili wa kwenda mkutano ataiambatanisha, na nyie wenyewe mnaweza kuyatuma PSF kumpendekeza kule juu.

mpwani_wa_django

Assalam alaykum ndugu zangu. DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika kwetu Zanzibar, Novemba 2023, na niliowaona wakihangaika na wageni kutwa nzima wengi wao hawakupanda jukwaani hata mara moja. Nawaombeni tu, kabla ya kumwita mtu mbele muulizeni kama anapenda. Kuna watu wanatoa msaada kwa moyo mmoja lakini ukiwasimamisha mbele ya kamera unawakera, na picha ikishapostiwa ndo basi tena. Dada wa watu huenda barua na kiti kwenye kamati vikamtosha.

mwanza_py

Waalaykum salaam sheikh, shukrani sana. Kesho kamati inakutana. Napeleka haya: gharama zirudishwe kwanza, orodha ya wote, fomu yenye tukio moja, na nafasi moja ya kamati ipigiwe kura na wanaojitolea wenyewe. Dada nitampigia leo jioni nimuulize kabla jina lake halijaguswa na mtu. Kama kuna mwenye fomu aliyowahi kuitumia aiweke hapa tafadhali, ya kwetu bado ni karatasi tupu.