Mama anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, mbona mguu umevimba tena?

Kifunguamimba:
Naomba ufafanuzi kwa wanaoielewa hali hii. Mama yangu ana saratani ya kongosho, na baada ya kemo ya pili alipatikana na donge la damu katika mshipa wa paja la kushoto, akaanzishiwa warfarini. Ameimeza kila jioni, ingawa siku za kemo hutapika sana. Sasa ni wiki ya saba, na juzi kandambili ya mguu uleule haikumwingia. INR ya jana, yaani kipimo cha kasi ya damu kuganda, ilisoma 2.4, nayo imo kati ya 2 na 3 tulizoambiwa. Je, dawa imeshindwa, au tunakosea sisi?

Mfamasia wa Zamu:
Pole sana, dada. Mrudisheni hospitali leo, msingoje siku ya kliniki. Akianza kuishiwa pumzi au kuchomwa kifuani, hiyo ni dharura, kwa kuwa donge huweza kuchomoka mguuni likaziba mishipa ya mapafu.

Sioni kosa lenu. Saratani yenyewe huichochea damu igande, jambo ambalo Armand Trousseau, daktari wa Paris, alilieleza tangu mwaka 1865, na ya kongosho ni miongoni mwa zilizo kali kwa hilo. Isitoshe, kutapika, kutokula na baadhi ya dawa za kemo huiyumbisha warfarini, kwa hiyo kipimo kizuri cha jana hakielezi wiki iliyopita ilikuwaje. Katika utafiti wa CLOT wa mwaka 2003, uliofuatilia wagonjwa wa saratani 672 kwa miezi sita, madonge yalirudi kwa takriban asilimia 17 ya waliomeza dawa za jamii ya warfarini, na asilimia 9 ya waliochomwa dalteparini, sindano ya kuzuia damu kuganda. Muulizeni daktari kuhusu sindano hizo, ila msiache wala kuongeza kidonge kwa uamuzi wenu.

Muuguzi Mstaafu:
Naongezea tahadhari. Dalteparini ni ya jamii ya heparini, na kwa wagonjwa wachache mwili huunda kingamwili zinazofanya chembe sahani, zile chembe za damu zinazoisaidia kuganda, ziporomoke idadi, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10. Cha ajabu ni kwamba damu yao, badala ya kuvuja, huzidi kuganda. Kemo nayo huzishusha chembe hizo, lakini hapo hofu ni kuvuja, na zikiwa chini ya 50,000 kwa mikrolita ya damu daktari huifikiria dozi upya. Ndiyo maana picha ya damu, yaani kipimo cha kuhesabu chembe zake, isirukwe. Mkichoma nyumbani, finyeni ngozi ya tumbo mbali kidogo na kitovu, na msisugue baadaye, maana pataviria damu.

Kifunguamimba:
Ahsanteni. Ultrasaundi imeonyesha donge limepanda, na amehamishiwa sindano. Atachomwa hadi lini?

Mfamasia wa Zamu:
Kwa kawaida si chini ya miezi mitatu hadi sita, na huendelea maadamu saratani ipo au kemo haijaisha. Akichoka kuchomwa, viko vidonge vingine vya kuzuia damu kuganda, kama apiksabani. Mtajieni daktari kama amewahi kupata choo cheusi au vidonda vya tumbo kabla hajaviandika.